Maji ya Mama Jayanti

Nakumbuka Jumatatu moja ya kiangazi pale Shinyanga mjini, mwanangu, nilipoingia kwenye hekalu la Wahindu na nyundo na patasi, nikapiga magoti, nikaanza kuvunja sakafu niliyoijenga kwa mikono yangu mwenyewe. Haikuwa na ufa hata mmoja. Ilikuwa sakafu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitengeneza, na hadi leo sijajenga nyingine ya kuifikia. Watu walisimama mlangoni wakinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Juzi uliniletea ramani ya vyumba vyako vya kupangisha kule Nyarugusu, na nyuma yake ule mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu, ukaniomba niitazame kwa jicho la fundi. Nilikuambia nitakujibu, nawe ukaondoka ukidhani uzee umenifanya nishindwe kusoma karatasi. Niliisoma, tena mara mbili. Jibu langu ndilo hili, na ni refu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Shija fundi, jina limeshaanza kutembea. Nilizaliwa upande wa Kolandoto, baba mfugaji, na uashi niliupata kwa mafundi waliokuwa wakijenga misheni. Shinyanga ile, laiti ungeiona. Malori ya pamba yalipanga foleni mpaka barabarani, na pamba iliyopeperuka ilinasa kwenye michongoma ya uzio ikakaa humo hadi mvua zije. Maduka ya Wahindi yalikuwa na baraza pana, na juu ya kila ukuta umeandikwa kwa saruji mwaka nyumba ilipojengwa. Maji ya Ziwa yalikuwa bado hayajafika kwetu. Ikifika Agosti mabomba yalitoa hewa tu, na akina mama walipanga ndoo tangu alfajiri. Leo nikipita naona mji una maji na una lami, nami nafurahi kwa dhati. Lakini harufu ile ya pamba na vumbi ninaitamani, na sioni aibu kulisema.

Aliyeniita kwenye kazi alikuwa Jayanti, muuza vitambaa, ndiye aliyesimamia hekalu lao. Sakafu ya zamani ilikuwa imepasuka. Alitaka iwekwe terazo, ile saruji yenye kokoto za rangi inayosagwa mpaka ing'ae, na pale mlangoni pajengwe mahali pa kunawia miguu, penye bomba na njia ya kupeleka maji machafu kwenye shimo la choo lililokuwa nyuma. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa bila fundi mkuu juu yangu. Vijana wenzangu walinitania kwamba Baniani mbaya, kiatu chake dawa, nami nilicheka pamoja nao. Nilicheka kwa sababu sikuwa nimewahi kukaa na Mhindu hata mmoja tukazungumza neno lisilohusu bei.

Ndani ya hekalu, katikati, palikuwa na jiwe jeusi la mviringo, laini kama yai, ambalo kwao ni alama ya Mungu, limekaa juu ya kitako cha jiwe. Juu yake kilining'inia chombo cha shaba nyekundu chenye tundu dogo chini, na maji yalidondoka juu ya jiwe tone kwa tone, mchana kutwa. Kitako kile kilikuwa na mdomo upande wa kaskazini. Kutoka hapo mfereji mdogo, upana wa kiganja, ulikata sakafu, ukapenya ukutani, na kwa nje maji yakatokea mdomoni mwa kichwa cha ng'ombe kilichochongwa kwa jiwe. Mimi mtoto wa wafugaji nilikipenda kichwa kile, ingawa pembe zake zilikuwa fupi mno kwa ng'ombe wa heshima. Chini yake palikuwa na beseni la saruji, na maji yakijaa humo yalimwagikia kwenye mti wenye majani matatu matatu, ambao mbegu yake ililetwa na wazee wao kutoka Bara Hindi. Kiangazi kizima mti ule ndio uliokuwa kijani peke yake katika mtaa mzima.

Mama yake Jayanti ndiye aliyelitunza jiwe lile, maana kuhani wao alikuwa akija kutoka Mwanza siku za sikukuu tu. Mama Jayanti alikuwa mjane mfupi, mkavu, aliyezaliwa palepale Shinyanga, na Kisukuma cha sokoni alikimudu kuliko makarani wengi. Kila asubuhi alikuja na chungu kidogo cha shaba chenye maji, akanisalimu "Mwangaluka," akavua viatu, akaingia. Alimimina maji juu ya jiwe polepole huku midomo ikichezacheza. Jayanti aliniambia kwamba tangu baba yake afariki, mama hajakosa asubuhi hata moja, iwe homa, iwe mvua. Humimina kwa ajili ya mumewe.

Akishamimina alilizunguka jiwe. Lakini akifika penye mfereji hakuuvuka. Aligeuka, akarudi njia ileile mpaka upande wa pili wa mfereji, kisha akageuka tena. Nilimwona akifanya hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilidhani ni magoti ya uzee. Sikuuliza. Kuuliza si ujinga, mwanangu, hilo nililisoma shuleni na kuliandika ubaoni, lakini mtu akishaitwa fundi huona kuuliza kunampunguzia kimo.

Sasa sikiliza kosa langu. Mfereji ule uliniudhi. Nilitaka sakafu iwe uwanja mmoja, inang'aa, haina mkato, mteremko mmoja tu kuelekea mlangoni. Na kichwa cha fundi kina kanuni zake: maji yanayotoka ndani ya nyumba ni maji machafu, na yakishavuka ukuta si kazi yako tena. Basi nilichukua bomba, nikaliunganisha na mdomo wa kitako, nikalipitisha chini ya zege, nikaligeuza nyuma likakutane na bomba la kunawia miguu. Yote mawili yakaingia kwenye shimo lile la chooni. Mfereji nikaujaza zege na kuufunika kwa terazo. Kichwa cha ng'ombe nikakiacha ukutani kama pambo.

Mama Jayanti alipokuja akaikuta sakafu imekauka na mfereji haupo, aliinama akatazama. Akaniuliza maji yanapita wapi.

"Yanapita chini, mama. Usiwe na wasiwasi," nikamjibu.

Sikusema uongo, unaona. Yalipita chini kweli. Nimeishi miaka mingi na nimesema maneno mengi mabaya, lakini neno lile la kweli ndilo linalonichoma kuliko uongo wangu wote.

Sakafu ilisifiwa. Watu wa madukani walileta wageni waione. Mwezi wao mtakatifu wa kulimwagia jiwe maji ukaingia, na kila Jumatatu akina mama walikuja na vyungu vyao vya shaba, maji na maziwa, wakamimina na kuimba. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia kazi nyingine, najenga ukuta wa duka mtaa wa pili, na sauti zao zilinifikia. Jumatatu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na maji yote yale, na kila dua iliyosemwa juu yake, yalishuka kwenye shimo la choo.

Kisha mti ukaanza kukunja majani.

Mama Jayanti alinitumia mtu aniite. Nilimkuta nje, kando ya ukuta, mkono wake umekinga chini ya mdomo wa ng'ombe, kama mtu anayengoja kunawa. Beseni lilikuwa kavu, buibui ameshaanza kusuka humo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuutoa mkono.

"Shija," akasema, "maji yangu umeyapeleka wapi?"

Nikamwambia labda bomba limeziba kwa maua na majani, nitakuja kulizibua. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata kwenye kona, kwa maana macho yake yalikuwa yameshaliona lile bomba jipya lilipotokeza nyuma ya ukuta na kuingia shimoni. Hakunibishia. Aliushusha mkono, akaufuta kwenye sari yake, akaenda zake nyumbani.

Siku kadhaa zikapita, nami sikurudi. Nilijua kuzibua maana yake ni kuvunja, na kuvunja maana yake ni mji mzima kujua kwamba Shija fundi hakujua alichokuwa akijenga. Nikajipa moyo kwamba mti ni mti tu, na ajuza atasahau. Ndipo nikakutana na Jayanti dukani kwa muuza saruji. Alikuwa na huzuni. Akaniambia mama yake haingii tena hekaluni. Kila asubuhi anakuja na chungu chake, anakaa kwenye ngazi nje, kisha anarudi nacho nyumbani kimejaa vilevile. Akiulizwa anasema miguu inamuuma. "Uzee umemfika," Jayanti akasema, akanishukuru tena kwa sakafu.

Mwanangu, nilisimama pale na mfuko wa saruji begani na sikuusikia uzito. Mwanamke yule alijua, na hakumwambia mtu. Angetamka neno moja tu kwa mwanawe, ningekuwa nimekwisha katika mji ule. Alilinda jina langu, na gharama yake ilikuwa ni yale maji ya mumewe.

Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida. Mlangoni nikachovya kidole kwenye maji ya baraka, na kidole kikabaki hewani. Nilikumbuka utotoni, nikihudumia altareni, jinsi mzee wa sakristia alivyokuwa akiyatoa maji ya ubatizo yaliyobaki. Aliyamwaga kwenye udongo penye maua, taratibu, na aliwahi kumchapa kofi mwenzetu aliyetaka kuyamwaga kwenye mtaro wa jikoni. Nikamkumbuka na bibi yangu kule kijijini, alivyokuwa mkali mtu akichovya chungu chenye masizi kisimani. Alisema kisima kitaona aibu na kuhama. Yote hayo niliyajua tangu mdogo. Nilichokosa ni kufikiri kwamba na watu wengine wanayo ya kwao.

Jumatatu asubuhi nilimkuta kwenye ngazi, chungu mapajani. Nilikaa ngazi ya chini yake, nikamwambia yote, bomba, shimo, na lile jibu langu la kweli. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeuficha vya kutosha. Alinisikiliza akitazama barabarani. Ningependa kukuambia kwamba nilipomaliza alinisamehe papo hapo, lakini hakufanya hivyo. Macho yake yalijaa machozi ya hasira.

"Wewe ulifikiri maji yakitoka kwa Mungu yamekwisha kazi," akasema. "Kwetu ndipo yanapoanza. Yanamwosha Mungu, halafu yanakwenda kwa mti, kwa ndege, kwa mbuzi wa jirani anayelamba beseni. Ndiyo maana hatuyavuki kwa miguu. Mtu hamvuki mwenzake aliye safarini na kazi yake."

Nikamwambia nitavunja. Akanikumbusha kwamba sakafu ni nzuri, na watu watacheka. Nikamjibu kwamba ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, nami nimeshavua. Kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo, jino la dhahabu likaonekana.

Basi ndipo nikapiga magoti na patasi. Nilivunja siku nzima mbele ya kila aliyetaka kuona, na kila aliyeuliza nilimwambia kosa ni langu. Jayanti alishika kichwa. Wenzangu wa mjini walinipa jina la Mvunja Chake, na lilinifuata mpaka Kahama. Nililing'oa bomba, nikauchimbua mfereji, nikaufuata hadi ukutani. Kokoto za terazo za rangi ile zilikuwa zimekwisha na nyingine hazikupatikana, kwa hiyo kingo za mfereji nilizimaliza kwa saruji nyekundu. Zilionekana kama kovu kwenye shavu la bibi harusi. Nilimwambia Mama Jayanti kwamba nitatafuta kokoto hata Mwanza nikazifunike.

"Ziache zionekane," akasema. "Sakafu isiyo na alama haimfundishi mtu pa kugeukia."

Saruji ilipokauka alikuja na chungu chake. Nilikuwa nje, nimechuchumaa penye beseni. Nilisikia maji yakimiminika ndani, kisha kimya, kisha mdomo wa ng'ombe ukatoa tone, ukatoa la pili, na uzi mwembamba wa maji ukaanguka kwenye saruji kavu. Sikulia kwa sakafu yangu iliyovunjwa, lakini siku hiyo nililia.

Yale ya Jumatatu tatu hayakurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na sikuthubutu kumuuliza kama mumewe aliyapata. Lakini baada ya siku ile alinifungulia nyumba yake, na humo nilijifunza uashi ambao hakuna fundi aliyenifundisha. Ua wa katikati uliteremka kwenye wavu mdogo, na chini ya ua palikuwa na tangi kubwa la mawe, lenye umri mkubwa kuliko yeye. Kila mwaka kabla ya mvua walipanda kusugua paa. Mvua ya kwanza waliiacha ipite barabarani ioshe vumbi, na ya pili ndipo waliondoa kizibo ikaingia tangini. Ndani, mitungi ya kunywa ilikuwa na kibaraza chake ukutani, na jioni waliwasha taa ndogo hapo, kwa kuwa wazee wao waliotangulia, alisema, hukaa penye maji. Nyumba nzima ilipangwa kwa kuyafuata maji, vyumba vikaja baadaye. Na nilipotoka nje nikautazama mtaa, nikaona mabaraza, michirizi na matangi yale yamefuatana nyumba kwa nyumba hadi hekaluni. Nilikuwa nimepita mtaa ule miaka na miaka bila kuona kitu. Nyumba zote nilizojenga baadaye huku Geita, na hii tunayokaa, zina tangi chini ya ua. Wewe ulidhani ni mazoea ya mzee.

Mama Jayanti alifariki nikiwa nimeshahamia huku. Wanawe na wajukuu wakatawanyika, Mwanza, Dar, ng'ambo. Mwaka jana nilipokwenda Shinyanga kutibiwa macho nilipita pale. Mlinzi, kijana wa Kisukuma, aliniambia nivue viatu, nikavua. Mti upo, umepita paa. Ndani, binti mmoja wa Kihindi, labda mwanafunzi, alimimina maji, akazunguka, akafika kwenye zile kingo nyekundu, akageuka. Nikamuuliza mlinzi kwa nini amegeuka.

"Hapo kwenye nyekundu hapavukwi," akanijibu. "Wazee wao waliweka rangi ile tangu zamani, ili watu wajue pa kugeukia."

Sikumsahihisha. Nilitoka nje nikakinga mkono chini ya mdomo wa ng'ombe, na ulilowa.

Sasa turudi kwenye ramani yako. Umepanga vyumba vizuri, madirisha yanapata upepo, choo kiko mahali pake. Halafu nikaona pale kwenye mwalo mstari wa bomba unaotoa maji ya kuoshea mchanga, yenye zebaki ndani yake. Mstari unakwenda, unakwenda, unaishia kwenye ukingo wa karatasi. Maji hayaishii hapo, mwanangu. Mimi napajua chini ya kiwanja chako. Kuna bonde, na bondeni kuna kisima, na asubuhi wanawake wanachota humo ya kunywa na ya kuogeshea watoto. Hukuwachora kwa sababu hukuwauliza, kama nami sikumuuliza mama yule kwa nini anageuka.

Nasaha yangu ni hii. Usiguse maji ya mtu mpaka ujue yanatoka wapi na yanakwenda kwa nani. Ukiona watu wanakwepa mahali usipopaelewa, usiseme ni magoti yao, uliza. Ukiulizwa swali, usijifiche nyuma ya jibu lililo kweli nusu. Na ukishakosea, vunja mwenyewe, mchana, watu wakiona, kisha usilifunike kovu. Chukua ramani yako, ongeza karatasi nyingine chini yake, uchore bonde, kisima, na wale akina mama na ndoo zao. Ukimaliza niletee tena. Mwalo uhamishe, au uchimbe bwawa la kuyazuia maji yake lenye sakafu isiyopitisha tone, na nitakuja mwenyewe na pimamaji yangu kukusaidia, magoti yakiruhusu.

Mungu wa mababu zako na wa Mama Jayanti akubariki, mwanangu. Akupe nyumba imara na mvua kwa wakati wake, na kila anayekinga mkono chini ya mteremko wako anywe bila hofu, na akishakunywa akuombee.